Theodora Njiku na Ukimya wa Bibi Selina

Baada ya miaka ishirini na mitano kazini, Bi. Theodora Njiku, fundi wetu wa sauti, anastaafu leo, tarehe 30 Juni 2006.

Alianza mwaka 1981, studio yetu ya Unyambwa ilipokuwa ikirekodi kwaya tu. Kuhariri kulikuwa kukata utepe kwa wembe. Redio binafsi ziliporuhusiwa nasi tukaanza kurusha matangazo, na mwaka 2001 kompyuta ikaja. Sisi wengine tuliiogopa. Theodora aliivamia.

Alipenda hasa kitufe cha kuondoa ukimya: unachagua sauti, unabonyeza, mapengo yote yanatoweka. Alitusafisha wote, wahubiri na watangazaji. Mimi nilisikika mwenye akili kwa mara ya kwanza.

Mwaka uliofuata akamsafisha Bibi Selina wa Mgori, aliyekuwa ametutajia marehemu sitini na mmoja wa ukoo wake. Dakika arobaini zikawa ishirini na sita. Theodora akahifadhi, kisha juu ya kanda ya awali akarekodi kwaya. Bibi alipokuja kusikiliza hakugombana na mtu. Alisema tu, "Marehemu wangu mmewakalisha mmoja juu ya mwingine." Kwao, ukimtaja marehemu unanyamaza kidogo, apate nafasi ya kukaa. Nakala nyingine haikuwepo, na kifua cha Bibi hakikuruhusu kurudia.

Theodora hakujitetea. Alidandia lori la alizeti hadi Mgori, akarekodi ukimya wa ua wa Bibi, pamoja na upepo na kuku wake. Akaanza kuurudisha hapa studioni, jina baada ya jina, Bibi akiwa kando yake ameinua kidole. Kidole kikishuka, ukimya unakatwa hapo. Ilichukua siku tisa. Kwenye jina la mwanawe wa kwanza kidole hakikushuka upesi, na fundi wetu mkali alilia mbele yetu.

Tangu hapo ukutani pana maandishi yake: SIKILIZA KABLA YA KUHIFADHI. Ametufundisha watano, na hakuna aliyesamehewa kosa mara mbili.

Bibi alifariki mwaka 2003. Jina la sitini na mbili Theodora alilisoma mwenyewe, akaliwekea ukimya wake.

Dada Theodora, asante kwa masikio yako. Nenda Ulemo ukalime, ule ulichopanda, uzeeke taratibu. Nanyi wageni, jina lake likitajwa leo msinyamaze hata kidogo. Yu hai. Pigeni makofi papo hapo.

Peniel, chumba cha habari