Jina Lililosomwa Dodoma

Kijiwe chenyewe ni ubao mmoja mrefu uliolazwa juu ya matofali, barazani mwa kibanda cha fundi baiskeli, Chumbageni mjini Tanga, pale lami inapokatika mchanga ukaanza. Wakaaji wake hawaitani majina waliyopewa na wazazi. Sabiri, dalali wa nyumba, ni Redio, kwa kuwa habari humfikia kabla haijatokea. Hosea, Mbondei wa Muheza aliyefagia maabara ya kiwanda hadi akastaafu, ni Mkemia. Jumbe, mwenye kibanda, ni Spoki. Na Semeni ni Balozi, ingawa hajashika hata ubalozi wa nyumba kumi. Aliitwa hivyo kwa sababu humsemea kila mtu, aliyemtuma na asiyemtuma. Alasiri hiyo muuza kahawa alikuwa ameshatua dele lake, kashata zimekaa kwenye sahani, na Balozi moyo wake haukuwa umetulia hata kidogo.

Walikuwa na kazi. Coaster iliyokwenda Dodoma kwenye mahafali ilikuwa njiani kurudi na wahitimu watatu wa mtaa, na turubai lilikwisha kufungwa uwanjani. Mtaa huu una desturi yake: mhitimu haingii chini ya turubai hivi hivi. Husimamishwa mlangoni, akasemwa kwanza mbele ya watu, vituko vyake vyote vya chuoni vikamwagwa, mamake akapiga kigelegele, ndipo apite akae. Kutunga maneno hayo ni kazi ya kijiwe, na kuyasema ni kazi ya Balozi.

— Tuanze na Noa, alisema Redio. Mtoto amesoma takwimu. Nasikia alikuwa anapika wali chumbani kwa jiko la umeme lililokatazwa. Mlezi wa bweni akibisha hodi, Noa analisukuma jiko chini ya kitanda, anajifunika shuka, anatetemeka kama mwenye malaria.

— Na harufu ya wali?

— Anasema ni dawa ya kienyeji.

— Hilo ni suala la kisayansi, alidakia Mkemia. Mnajua kwa nini joho la chuo linashonwa pana vile? Mtu hana tumbo, hana makalio, anavishwa turubai. Ni kwa ajili ya majiko. Wakubwa wa vyuo vya zamani walikuwa wanafunzi pia, wakajua kijana lazima apite na jiko mbele ya mlezi.

— Yakhe, wewe ulifagia maabara, hukushona majoho.

— Na ile kofia bapa?

— Sinia, alisema Mkemia bila kupepesa jicho. Ukihitimu unaigeuza, unakula.

Walicheka. Hata Jumbe, aliyeketi kwenye kigoda chake na gurudumu lililoning'inia mbele yake, alitabasamu kidogo. Balozi aliliona tabasamu hilo likamfariji. Alikuwa amejipangia hivyo tangu asubuhi: kicheko kisikatike, maneno yasipungue, mpaka Coaster ifike, watu wale pilau, siku iishe salama.

Maana Coaster ilikwenda kwa ajili ya watatu, lakini vijana waliotoka mtaa huu kwenda chuo walikuwa wanne. Wa nne ni Ayubu, mtoto wa Jumbe. Alifanya mtihani wa mwisho, akarudi nyumbani na begi lake, akaugua homa, na mwezi haukwisha wakamzika. Baada ya arobaini Redio aliropoka jina lake hapa kijiweni, na Jumbe akainuka bila neno akaingia ndani kwake, kwenye uchochoro wa nyuma ya kibanda, akakaa huko muda mrefu. Siku hiyo Balozi akapitisha sheria: jina la marehemu lisitajwe mbele ya babake, na atakayelitaja ahame kijiwe. Wote walikubali. Walimpenda Jumbe, na hawakujua njia nyingine ya kumpenda.

— Hatibu sasa, alisema Balozi. Mheshimiwa.

— Huyo alikwenda darasani na suti miaka mitatu, alisema Redio. Suti moja. Aligombea urais wa wanafunzi, akaahidi maji yatapanda mpaka ghorofa ya nne. Akashindwa uchaguzi, lakini walinzi wake hakuwafukuza. Vijana wawili wa mwaka wa kwanza wanamfuata mpaka chooni.

— Na Najat?

— Najat alikuwa anauza visheti bwenini. Mpaka walimu wanamwita Mama Visheti. Siku ya mtihani anakwenda na kapu, anaanza kuuza mlangoni, wenzake wakitafuna yeye anadesa madaftari yao.

— Kudesa ndiyo nini? aliuliza Jumbe.

Sauti yake iliwashtua. Haulizi kitu mara nyingi siku hizi.

— Kusomea notisi za mwenzio, mgosi, alijibu Redio. Zako hukuandika, ulikuwa umelala.

— Na kulala huko wanalalaje? Nasikia vitanda havitoshi.

— Wanabebana. Mwenye kitanda anambeba asiye nacho. Kitanda chembamba, watu wawili, mmoja kichwa huku, mwingine kichwa kule. Sasa vijana wetu hawa wanne, walipofika mwaka wa kwanza...

— Watatu, alisema Balozi haraka.

Redio aliinamia kikombe chake. Mkemia akachukua kashata ambayo hakuitaka. Gurudumu lililokuwa likizunguka mbele ya Jumbe lilizunguka mpaka likasimama lenyewe, na yeye akabaki na ufunguo wa spoki mkononi akiwatazama mmoja mmoja, kama mtu anayengoja zamu yake. Balozi aliona ni maumivu. Akajilaani kimoyomoyo, akaanza habari ya kocha wa timu.

Kulikuwa na jambo jingine, na hilo ndilo lililomkosesha Balozi usingizi. Tangu maziko Jumbe amezima simu yake. Chuo kilipompigia kikamkosa, kikapiga namba ya pili ambayo Ayubu aliiacha, namba ya Balozi. Mtu mmoja mwenye sauti ya upole akasema kijana alifaulu, shahada yake itatolewa, jina lake litasomwa pamoja na wenzake, na mzazi ataitwa mbele kuipokea. Je, mzazi atafika? Balozi alimtazama Jumbe ng'ambo ya baraza, amejiinamia juu ya mnyororo wa baiskeli, akasema: hapana, mzazi hawezi. Jioni aliwaambia Redio na Mkemia, nao wakasema umefanya utu. Na siku Coaster inaondoka, Jumbe mwenyewe ndiye aliyefunga maua mbele ya gari, kwa waya wake, akihakikisha hayatapeperuka njiani. Balozi alishindwa kutazama.

Basi ndipo kijana mmoja mrefu, suti imekunjamana kwa safari na viatu vimejaa vumbi, aliposimama mbele ya ubao.

— Shikamooni, wazee.

— Marahaba.

— Naitwa Asheri. Nimeelekezwa huku kwa Mzee Jumbe. Baba yake Ayubu.

Jina lilitua katikati yao. Redio alitazama chini. Balozi aliinuka nusu, akajaribu kumshika kijana mkono.

— Mwanangu, njoo pembeni kidogo, nitakupeleka...

— Ni mimi, alisema Jumbe. Kaa.

Asheri alikaa. Muuza kahawa akamjazia kikombe bila kuambiwa. Alieleza kwamba kwao ni Lushoto, kwamba anatoka Dodoma, kwamba alipaswa kushuka Mombo apande kwao lakini moyo ulikataa, akaja kwanza Tanga.

— Nilisoma na Ayubu. Yaani, nililala naye. Alinibeba miaka mitatu, baba. Mimi sikupata chumba, hatukujuana, alinikuta nimekaa juu ya begi langu nje ya bweni. Akaniuliza unakoroma? Nikasema hapana. Nilidanganya. Akasema basi njoo.

— Alikubeba, alisema Jumbe taratibu.

— Usiku wa kwanza akaviringa shuka akaliweka katikati ya kitanda. Akasema, huu ni Mto Pangani. Atakayevuka usiku atalipa kivuko, na malipo ni kuchota maji asubuhi. Maji yenyewe yako chini, sisi tuko ghorofa ya nne. Basi kila asubuhi ananiambia umevuka, chukua ndoo. Nimechota maji mwaka mzima. Mpaka siku moja nikakesha makusudi. Nikamwona yeye ndiye anayevuka, mguu mzima uko kwangu, na amelala fofofo.

Jumbe alicheka. Hakikuwa kicheko cha adabu alichokuwa akiwapa wenzake siku zote hizi. Kilitoka tumboni, kikamtikisa mabega, akaweka ufunguo chini. Balozi hakuwa amekisikia tangu maziko.

— Alikuwa hivyo tangu mdogo, alisema Jumbe. Mamake alikuwa anamfunga mguu na leso. Endelea.

— Alikuwa anakutaja sana, baba. Tukikwama kwenye swali, wenzetu wanataka kukurupuka, yeye anasema: mzee wangu hakazi spoki moja mpaka mwisho, anakaza zote kidogo kidogo, ndipo rimu inyooke. Darasa zima likawa linasema hivyo. Mpaka mwalimu wa hesabu. Alikuwa anasema ubaoni, haya, tukaze kidogo kidogo.

— Mwalimu wa chuo?

— Daktari kabisa.

Jumbe alifuta macho kwa kiganja chenye grisi, akajipaka weusi shavuni. Hakuna aliyemwambia. Balozi alijua anapaswa kufurahi, lakini alikuwa na hofu, kwa sababu kijana huyu anatoka Dodoma kwenye mahafali, na bila shaka alikuwa ukumbini.

— Mgosi, umechoka na safari, alisema Balozi. Hapo kwangu kuna maji ya kuoga. Hadithi zitakuwepo tu.

— Nashukuru, baba. Kuna jambo moja tu nilitaka kuuliza, ndilo lililonileta.

Asheri alikiweka kikombe chini.

— Jina lake lilisomwa. Ayubu Jumbe. Wakasema marehemu, wakaomba mzazi au ndugu apite mbele. Sisi wa darasa lake tukasimama wote. Mgeni rasmi alikuwa ameshika cheti, anatazama huku, anatazama kule. Tulisimama muda mrefu mpaka watu wakaanza kunong'ona. Niliwaona wamama wa Tanga waliokuja na kina Noa kule nyuma, mmoja analia, lakini hakuna aliyepita. Mwisho akakirudisha mezani, wakasoma jina la mwingine. Mimi sikuja kulaumu. Nilitaka kujua tu, kwa nini hakuja mtu?

Muuza kahawa alikuwa anamimina, akaacha kumimina. Mkemia, mwenye nadharia ya kila kitu chini ya jua, alitazama vidole vyake. Redio alinyamaza, na Redio akinyamaza mtaa mzima unasikia.

— Sikujua kama litasomwa, alisema Jumbe. Nilidhani ukifa wanakufuta.

Jumbe alimtazama Redio, akamtazama Mkemia, na kwa jinsi walivyokwepa akajua ageukie wapi.

— Walikupigia wewe.

— Walinipigia, alisema Balozi.

— Ukawaambia nini?

— Nilisema huwezi. Wallahi, nilitaka kukuhifadhi. Kila likitajwa jina lake unaumia. Ile siku ya Redio uliinuka ukaingia ndani, sote tuliona.

— Niliingia kutafuta picha yake, alisema Jumbe. Ile aliyopiga na wenzake chuoni, nije niwaonyeshe. Mamake alikuwa ameificha, nikachelewa kuipata. Nilipotoka mnazungumza mpira. Kesho yake mpira. Mwezi mzima mpira. Nikasema labda mtoto wangu hakuwa mtu wa kuzungumzwa.

— Spoki...

— Nilikuwa nakaa hapa kila siku nangoja mtu aseme, hata kwa bahati mbaya. Leo mmesema wanne, nikasema sasa. Wewe ukasema watatu.

Balozi alitaka kusema kitu na maneno yakamkimbia, yeye ambaye hajawahi kukosa neno msibani wala harusini. Alikuwa amemnyang'anya rafiki yake kitu ambacho hakirudishwi. Cheti kinaweza kufuatwa mezani siku yoyote, lakini ukumbi ule umekwisha kutawanyika.

— Ningekwenda, alisema Jumbe. Ningekwenda hata kwa kutambaa. Ulijuaje kwamba siwezi?

 

Honi za Coaster zilisikika kutoka barabara kubwa, ndefu, za furaha, na nyuma yake ngoma na vigelegele vya wanawake. Watoto walianza kukimbia. Gari lilikata kona, maua yangali yamefungwa imara, Hatibu amechomoza dirishani na suti yake, Najat anapunga kofia. Mtu mmoja aliita kutoka kwenye turubai kwamba msemaji anangojewa, Balozi yuko wapi, wahitimu hawawezi kuingia kabla ya kusemwa.

Jumbe alishusha mlango wa kibanda akafunga kufuli. Akamshika Asheri mkono.

— Twende nyumbani, mamake akusikie. Ile ya mto umwambie kuanzia mwanzo.

Balozi naye aliinuka kuwafuata.

— Wewe baki, Semeni, alisema Jumbe.

Tangu wakiwa madrasa hajawahi kumwita kwa jina hilo. Wakaenda, mzee na kijana, kwa njia ya nyuma isiyopita uwanjani, na kule kwenye turubai watu waliendelea kuita wakimtaka Balozi aje aseme.