Mama Kadi na Bahasha Mbili za Buluu

Ndugu waombolezaji, majirani, wanakikundi na wafanyakazi wenzake wa zamani, familia inawashukuru kwa kuacha shughuli zenu na kuja kusimama nasi, na inawaomba mtuvumilie maneno yakikatika njiani, kwa sababu kusema kweli bado hatujaelewa kilichotupata, juzi asubuhi marehemu alikuwa mezani anakata karatasi, na leo tunasoma historia yake. Historia hii ilikuwa isomwe na kaka yake mkubwa, lakini jana mume wa marehemu aliichukua mkononi mwa kaka, akampa mdogo wake marehemu, yule mshona nguo, akasema asome yeye, na ndiye huyu mnayemwona hapa mbele. Wengi wenu mmeshangaa, maana hamkuwahi kumwona akikanyaga nyumba hii kwa miaka kumi na tatu, na mna haki ya kushangaa, sababu yake itasomwa ikifika zamu yake.

Marehemu dada yetu, ambaye nyote mlimwita Mama Kadi, alizaliwa siku ya Ijumaa, tarehe 3 Agosti 1962, katika zahanati iliyokuwa nyuma ya kiwanda cha sabuni, akiwa mtoto wa pili kati ya watatu, baba akiwa fundi baiskeli na mama mfuaji wa nguo katika hosteli ya wauguzi. Mdogo wake alizaliwa tarehe 19 Mei 1970, marehemu akiwa na miaka saba, na siku hiyohiyo akatangaza kwamba huyu ni wake, asiguswe na mtu asiyenawa mikono, akambeba mgongoni kutoka asubuhi hadi jioni, hata mama akawa anatania kwamba yeye amezaa tu, mwenye mtoto ni mwingine.

Alianza darasa la kwanza mwaka 1970 katika shule ya msingi iliyokuwa ng'ambo ya reli, akamaliza la saba mwaka 1976, akaendelea na sekondari ya kutwa hadi kidato cha nne mwaka 1980. Hakuwa wa kwanza darasani na hakuwa wa mwisho, ila akiwa darasa la tano mwalimu wao wa kuchora alihamishwa, marehemu akakata kifuniko cha boksi la viatu, akabandika juu yake maua aliyoyakausha ndani ya kitabu cha hesabu, kwa gundi aliyoipika mwenyewe kwa unga wa ngano, akaandika maneno ya kumuaga. Mwalimu alijibu kwa barua kwamba kadi imefika, na sisimizi wake wote wamefika salama, na barua hiyo marehemu aliitunza hadi mwisho.

Tarehe 4 Januari 1982 aliajiriwa katika kiwanda cha uchapaji kama mkata karatasi, akakaa kwenye mashine ileile miaka thelathini, hadi kiwanda kilipofungwa mwaka 2012. Wengine walitoka kazini wakiwa na mafuta ya mashine kwenye vidole, yeye alitoka na mfuko wa vipande vilivyobaki kwenye ukataji, ambavyo meneja alimruhusu kuchukua akidhani ni vya kuwashia moto, kumbe vipande hivyo vilikuwa vinageuka kadi za harusi, za kuzaliwa, za kufaulu mitihani, za kustaafu, na mwaka mmoja meneja huyohuyo akapewa ya kwake, akaishika, akaigeuza, akauliza imenunuliwa duka gani.

Alifunga ndoa siku ya Jumamosi, tarehe 20 Desemba 1986, na tarishi wa posta, kijana aliyekuwa akimpimia uzito wa bahasha zake dirishani, na ambaye alikuwa akiipima bahasha moja mara tatu ili asiondoke upesi. Walijaliwa watoto wawili, binti aliyezaliwa tarehe 7 Februari 1988, sasa mwalimu wa hesabu, na wa kiume aliyezaliwa tarehe 22 Septemba 1991, sasa fundi umeme, pamoja na wajukuu watatu. Shemeji yetu alipenda kusema kwamba katika maisha yake ya kazi alibeba kadi nyingi za mkewe kuliko barua za serikali, na kwamba za serikali hazikuwahi kumpatia hata kikombe cha chai.

Mwaka 2003 marehemu alianzisha kikundi cha kadi sebuleni kwake, wanawake tisa na wanaume wawili, wakikutana kila Alhamisi jioni akitoka kazini, na kiwanda kilipofungwa, kuanzia saa tatu asubuhi, meza ikiwa imetandikwa magazeti ya zamani, mikasi ikiwa imefungwa kamba ili isitoroke na mtu. Hakujua kuchora mnyama, farasi wake wote walikuwa mbwa warefu, na aliyelalamika aliambiwa ampe jina analolitaka, lakini kwa maua, majani na mwandiko hakuwa na mpinzani. Alikuwa pia na msimamo, maana yuko mwanamume mmoja, naamini yupo hapa na amesamehewa, aliyekuja mara ya tatu ndani ya mwezi mmoja kuomba kadi ya kumwomba mkewe radhi, marehemu akamwambia, "Nenda nyumbani kaoshe vyombo, karatasi yangu imechoka kusema uongo."

Sasa tumefika mahali ambapo familia ingependa kuruka, na mdogo wake hataruka. Tarehe 2 Machi 2011, baada ya miaka kumi na minne ya ndoa na ya kusubiri, mdogo wake marehemu alipata mtoto wa kike, akazaliwa kabla ya wakati wake, akaishi siku tisa, akafariki tarehe 11 Machi. Marehemu alikuwapo muda wote, alimwosha mdogo wake, alimlisha, alilala naye kitanda kimoja, na Jumatatu tarehe 14, watu walipotawanyika, alirudi kwake kumtengenezea kadi, kwa kuwa aliamini pole ya mdomo huondoka na waombolezaji, na mtu hubaki peke yake hana hata cha kushika.

Siku hiyohiyo alikuwa na kadi nyingine ya kumaliza, ya hongera, kwa jirani yake, mke wa fundi mwashi, aliyekuwa amejifungua wiki ileile. Zote mbili zilikuwa nyeupe, zote zilikuwa na jani moja lililokaushwa, maana hakuwa na muda wa mapambo, akazilaza kifudifudi gundi ikauke, akaandika majina juu ya bahasha mbili za buluu, akazitia kadi ndani na kufunga, akampa mumewe azipeleke. Shemeji alimkabidhi mdogo wake marehemu bahasha mkononi, akakaa kumngoja aifungue, kwa heshima, na ilipofunguliwa ilikuwa imeandikwa, "Hongera kwa kupata mtoto, nyumba yenu sasa ina sauti."

Nyumba haikuwa na sauti yoyote. Mke wa fundi mwashi naye alikuwa tayari amekuja mbio kwa marehemu, kichanga begani na kadi ya pole mkononi, na hapo ndipo marehemu alipojua, akatoka bila viatu, akakimbia mitaa sita hadi kwa mdogo wake, akakuta mlango umefungwa. Alieleza kupitia dirisha, akalia, akaapa, na mdogo wake aliyasikia yote na aliyaelewa yote, kwamba ni bahasha tu, kwamba mkono umeteleza, lakini moyo wake ulikuwa unatafuta mtu wa kumlaumu kwa kifo kile, na aliyekuwa karibu ni dada.

Tangu siku ile marehemu hakuthubutu kumtumia mdogo wake kadi nyingine, lakini kila tarehe 11 Machi, mwaka hadi mwaka, alikwenda kwa miguu hadi mlangoni kwake, akapiga hodi mara tatu, akasubiri, akaondoka. Amefanya hivyo mara kumi na tatu. Mara zote kumi na tatu mdogo wake alikuwa ndani, ameinua mguu kwenye cherehani ili isilie, akihesabu hodi.

Wanakikundi, mmekuwa mkimcheka miaka yote kwa ile sheria yake ya soma, taja, funga, kwamba hakuna kadi inayoingia kwenye bahasha mpaka uisome kwa sauti, utaje jina la anayepelekewa, na mtu mwingine mezani aitikie ndiyo, mkisema Mama Kadi anazeeka vibaya, na hakuwaambia kamwe sheria hiyo ilitoka wapi. Tena mlijua kwamba tangu mwaka ule kila kilichopatikana kwenye kadi kilinunua mablanketi na kofia za watoto njiti wa hospitali ya wilaya, mkadhani ni mapenzi yake tu kwa watoto. Leo mmejua.

Kuhusu ugonjwa, hakuna mengi ya kusimulia, na hilo ndilo linalotuchanganya. Mwaka 2019 aligundulika kuwa na kisukari, akafuata masharti, akapungua mwili, lakini hakuwahi kulazwa hata siku moja, na wiki iliyopita alikuwa akipanda juu ya kiti kufuta vumbi la feni.

Siku ya Jumamosi, tarehe 5 Oktoba 2024, mdogo wake marehemu, katika pilikapilika za kazi, alibadilisha mifuko miwili, gauni la bibi harusi akalipeleka kwa ajuza anayekwenda kufanyiwa upasuaji, na joho la wodini la ajuza yule akalipeleka kwa bibi harusi, saa mbili kabla ya ndoa. Alikimbia na gauni kichwani, akijua leo atatukanwa hadi akome, akamkuta bibi harusi amelivaa lile joho mbele ya kioo anacheka mpaka machozi, akamwambia, "Mama, una mikono miwili tu, haya hutokea." Mdogo wake alirudi nyumbani, akakaa chini sakafuni katikati ya vitambaa, akalia kilio hata majirani wakadhani kuna msiba.

Jumapili tarehe 6 alimpigia kaka simu, akamwambia nimemsamehe dada, hapana, namwomba yeye anisamehe, nitakwenda kwake Jumamosi. Kaka akamsihi, "Mwambie leo basi, mpigie hata simu tu," akakataa, akasema, "Usimwambie chochote, safari hii nataka nipige hodi mimi." Alitaka pia kwenda na gauni, akaanza kulishona siku hiyohiyo, lenye mifuko mikubwa ya kuwekea mikasi, kwa vipimo alivyovikumbuka kichwani. Kaka alinyamaza kama alivyoagizwa, na familia inasema hapa hadharani kwamba kaka hana kosa lolote.

Alhamisi tarehe 10 Oktoba 2024, saa nne na dakika ishirini asubuhi, mezani kwake, kikundi kikiwa kimekamilika, marehemu alisoma kadi moja ya kuzaliwa kwa sauti, akataja jina, wenzake wakaitikia ndiyo, akasema kichwa kinamgonga, akalaza shavu juu ya karatasi. Walidhani anatania. Alifikishwa hospitali saa tano kasoro dakika tano, na saa sita na nusu mchana madaktari wakatuambia kwamba mshipa ulipasuka kichwani na dada yetu ametutoka, akiwa na umri wa miaka sitini na miwili, miezi miwili na siku saba. Simu ilimkuta mdogo wake anashona vifungo vya gauni, na alimuuliza kaka mara nne, "Dada yupi?" kama vile alikuwa nao wengi.

Gauni hilo ndilo alilovaa. Tulipomvalisha jana tulikuta ni kubwa, limempwaya mabegani na kiunoni, ikabidi libanwe kwa pini mgongoni, maana mdogo wake alishona vipimo vya mwaka 2011, na hakujua kwamba dada yake amekonda kiasi hicho.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa mapokezi ya dharura waliohangaika naye hadi dakika ya mwisho, wauguzi wa wodi ya watoto njiti waliokuja leo na sare zao, dereva wa teksi aliyepita taa zote nyekundu bila kuuliza nauli, majirani waliotandika viti na kupika bila kuitwa, wafanyakazi wenzake wa kiwanda cha uchapaji, na wanakikundi walioshuhudia jambo ambalo hakuna anayestahili kulishuhudia. Shukrani za pekee ziende kwa mke wa fundi mwashi, aliyepokea pole badala ya hongera na hakuweka kinyongo hata kwa dakika moja, na kwa shemeji, ambaye angeweza kumfungia mlango mtu fulani jana, akamfungulia.

Imeandikwa hapa kwamba nimalizie kwa niaba ya familia, lakini haya ni yangu. Dada, hukujua, na sina wa kumlaumu tena. Nilikuwa ndani mara zote. Leo ni Jumamosi, dada, nimekuja, nimepiga hodi mara tatu kwenye ubao wa jeneza lako kabla hawajakutoa nyumbani, na nimesubiri. Pumzika, mama yangu wa pili, amani yote niliyokunyima uipate.