Nilitoka Kitandani Mgongo Ukiuma Bado

Nawasalimu katika jina la Bwana, ndugu zangu. Mimi ni Mama Neema, mkulima wa mpunga kutoka Ubaruku. Mniruhusu niseme nikiwa nimeshika kiti.

Miaka minne nilikuwa mtu wa kitandani. Ilianza siku ya kupandikiza mpunga. Niliinama asubuhi, mchana nikashindwa kuinuka, nikabebwa. Tangu hapo nilimeza dawa, nikachuliwa, nikaombewa. Wengine walisema nina dhambi niliyoificha. Niliitafuta hiyo dhambi, ndugu zangu, hadi nikatubu hata nisiyoyatenda.

Mama yangu alipofariki kule Ilomba, nilisafirishwa nimelala. Makaburini sikuweza kuinama kuchota udongo. Dada yangu aliniwekea kiganjani. Siku ile nilimwambia Mungu, "Kama huniponyi, basi nichukue na mimi." Na nilikuwa namaanisha.

Mume wangu akanipeleka hospitali moja upande wa Iringa. Nilikwenda ili asinilaumu tu. Dada wa mazoezi ya viungo alitazama picha ya mgongo niliyopigwa pale, akasema, "Mama, mgongo wako haujavunjika."

"Kwa hiyo nadanganya?"

"Hapana mama, unaumia kweli. Ila kuumia siyo kuharibika. Mwili wako umezoea kuogopa. Ukitaka tu kuinama, unapiga kelele mapema."

Nililia kwa hasira. Akanikanda, akanilaza, akanifundisha kuvuta magoti kifuani. Kila wiki aliniuliza maumivu ni ngapi kati ya kumi, kumi ikiwa ndiyo makali kabisa. Nikajibu kumi. Wiki ya tatu, bado kumi. Nilirudi kwenye chumba tulichopanga nikamwambia mume wangu turudi nyumbani nikafe. Akasema, "Kesho twende mara moja tu."

Hiyo kesho niliinama, nikaokota kitambaa sakafuni. Iliuma, lakini sikuvunjika. Dada wa mazoezi akauliza ni ngapi. Nikasikia mdomo wangu unasema sita.

Ndugu zangu, sijapona kama mnavyotaka kusikia. Leo asubuhi ilikuwa nne. Zipo siku inapanda hadi nane, na ile hamu ya kufa inarudi nayo. Lakini naamka, natembea hadi mferejini, nafanya mazoezi huku naomba. Namshukuru Mungu aliyenijia kwa mikono ya dada yule.

Wewe unayekaa upande upande kwenye benchi, hujalaaniwa. Mtegemee Mungu, na kesho nenda hospitali. Ukiogopa kwenda peke yako, nitakusindikiza.