Wasifu wa Dada Yetu, Aliyekataa Unga Wake Uitwe Dawa

Ndugu, jamaa na majirani, nimeombwa niyasome maisha ya dada yetu kwa upole. Nitajitahidi, ila mjue mapema kwamba yeye mwenyewe hakuwa mpole, na mimi, kitindamimba wa nyumba yetu, nimelelewa na yeye.

Alizaliwa tarehe 14 Machi 1966, wa kwanza kati ya watoto watatu, kwenye nyumba za wafanyakazi wa kiwanda cha ngozi. Baba yetu aliloweka ngozi kwenye maji ya magome ya miti, na alipokuwa akirudi nyumbani harufu ilimtangulia. Sisi tuliziba pua. Dada alitaka kujua kuna nini ndani ya gome kinachozuia ngozi isioze, na Baba alipochoka kuulizwa akamwambia, "Nenda shule, ukishajua uje unieleze."

Alikwenda. Alisoma shule ya msingi jirani na kiwanda, kisha sekondari ya bweni ya wasichana, na mwaka 1989 akahitimu shahada ya kemia, mwanamke pekee darasani. Shahada ya uzamivu aliipata mwaka 2004, huku akifundisha na kulea. Siku ileile alimwendea Baba akamweleza habari zote za magome. Baba alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Kumbe!"

Mwaka 1993 aliolewa na fundi umeme aliyekuja kutengeneza tanuru la maabara ya chuo alikofundisha. Shemeji yetu anasema tanuru lile liliharibika mara tatu ndani ya mwezi mmoja, na mpaka leo haamini kwamba lilikuwa likiharibika lenyewe. Walijaliwa watoto wawili.

Kazi yake yote aliifanya chuo kikuu, kwenye maabara ya mwisho wa ukumbi, yenye dirisha lisilofunga. Huko ndiko alikopewa jina la Mama Majani. Alichemsha majani ya mpera, akayachuja, akachanganya maji yake na chumvi ya zinki juu ya moto mdogo, kisha akakausha kilichotuama na kukichoma kwenye tanuru hadi kikawa unga mweupe wa oksidi ya zinki. Chembe zake ni ndogo mno, hata hadubini ya kawaida haizioni. Majani yalifanya kazi ambayo wengine huifanya kwa kemikali kali. Unga ule ukiwekwa kwenye kisahani chenye vijidudu vya vidonda, vilikufa kuuzunguka, likabaki duara safi. Majani ya masika yalimpa chembe tofauti na za kiangazi, naye alihangaika miaka mingi mpaka akaweza kupata unga uleule kila mara. Mtu akiuita dawa, alimkatiza: "Ni unga. Dawa ni kitu kilichothibitishwa."

Wapo waliocheka. Mkuu wa idara aliiita kazi yake "mapishi", mpaka asubuhi moja alipojimiminia kikombe kutoka kwenye birika la Dada akidhani ni chai, akatia sukari, akanywa nusu. Dada akamwambia, "Bahati yako, mzee, zinki bado sijatia." Tangu hapo mkuu alikuwa akipiga hodi.

Kisukari kilimpata mwaka 2015. Januari mwaka huu alipata kidonda kwenye mguu wa kushoto, kikakataa kupona.

Sasa nimefika mahali ambapo baadhi yenu mmekuwa mkipasubiri. Tangu msiba huu utokee nasikia minong'ono: "Kama unga wake ni wa kweli, mbona hakujipaka?" Nawajibu hapa, mbele ya jeneza lake. Hakujipaka kwa sababu alikataa. Unga ulikuwa umeua vijidudu kwenye visahani na kufunga vidonda vya panya wa maabara, lakini kuujaribu kwa binadamu kulikuwa bado hakujaruhusiwa. Nilimsihi. Nilipiga magoti kando ya kitanda, mtu mzima mwenye mvi, nikamwambia, "Dada, paka tu, nani atajua?"

"Nitajua mimi," akasema. "Nikipona, kesho watu wataacha kwenda hospitali waje kwangu. Nisipopona, watasema ni sumu. Na kote kuwili nitakuwa sijathibitisha kitu."

Nikamwambia, "Lakini unakufa."

"Najua, mdogo wangu. Nipe maji."

Madaktari walifanya kila waliloweza. Aprili walikata mguu, lakini maambukizi yalikuwa yameshaingia kwenye damu. Alifariki asubuhi ya tarehe 9 Juni, binti yake akiwa amemshika mkono. Nilimkasirikia sana. Bado nimemkasirikia, na sioni aibu kulisema.

Ila asije mtu kuniambia kwamba alishindwa. Kabla hata hajazikwa, wamekuja nyumbani watu wanaotaka kubandika picha yake kwenye makopo ya marhamu. Picha hatutoi. Na wewe uliyekuja leo na mfuko wa makopo, tumekuona. Zika na wenzako, kisha ondoka nayo.

Ameacha mume, binti ambaye ni muuguzi, mwana ambaye ni fundi wa kuchomea vyuma, wajukuu watatu, mdogo wake wa kike, mimi, na wanafunzi wake, ambao Jumatatu wanarudi maabara. Ombi la kuujaribu unga kwa wagonjwa liko kwa wakubwa. Tutawafuata mpaka watuchoke.

Mkiulizwa njiani kama unga wa Mama Majani unaponya watu, msiseme ndiyo, wala msiseme hapana. Semeni: hatujui bado. Jibu hilo limemgharimu uhai wake, na hatutakubali mtu yeyote alibadilishe.

Pumzika, Dada. Kazi iliyobaki ni yetu.