Walisema Kisukari ni cha Wenye Vitambi

Jina la Bwana litukuzwe, ndugu zangu. Mimi ni mama Rehema wa Kibokoni. Nimesimama kushukuru, lakini mtaniwia radhi, hasira nazo ninazo, na sitazificha mbele za Mungu anayezijua.

Rehema wangu alikuwa na miaka tisa alipoanza kukonda. Anakula vizuri, na mbavu zinazidi kutokeza. Maji anayanywa hata mtungi unakauka kabla ya adhuhuri. Akarudia kukojoa kitandani, mtoto mkubwa yule, akawa anaona haya hata kunitazama. Nikianika shuka lake uani, sisimizi wanalijia. Jirani yangu, mke wa Mhindi mwenye duka la vitambaa, akaniambia mumewe alianza vivyo hivyo, na maradhi yake ni sukari.

Wifi yangu hakutaka kusikia. "Huyu ana pepo," akasema, "na pepo anataka chano." Chano ni sinia la vitamu, halua, tende, asali na miwa, na mgonjwa ndiye anayekula kwa niaba ya pepo. Nilikataa katakata. Siku moja natoka sokoni, namkuta mwanangu amekalishwa mkekani, anafukizwa udi, mdomo umejaa halua. Jioni yake akatapika, akawa anahema kwa nguvu, pumzi inanuka matunda yaliyochacha. Nikamwita, hakuitika.

Nilimbeba mgongoni mpaka hospitali. Dresa, yule msaidizi wa daktari, aliyekuwa mlangoni hata hakumgusa. Nikamwambia habari ya sisimizi, nikamsihi ampime sukari, akanicheka.

"Sukari ni maradhi ya matajiri, mama, wazee wenye vitambi. Kitoto cha Kiafrika, chembamba hivi, sukari kitaipata wapi? Hiyo ni homa. Rudi nyumbani."

Nirudi nyumbani nikamzike? Nikaketi pale pale kizingitini na mwanangu mapajani, nikamlilia Mungu kwa sauti. Dresa ananivuta mkono, mimi naomba. Wagonjwa wananitazama, mimi naomba. Mwisho daktari mwenyewe akatoka kuuliza kelele ni za nini. Akainama, akanusa pumzi ya Rehema. Akachukua mkojo wake, akauchemsha pamoja na dawa ya buluu, na ile buluu ikageuka nyekundu kama tofali, ndiyo alama ya sukari. Saa ile ile akamchoma sindano ya kushusha sukari.

Kesho yake Rehema akafumbua macho, akasema, "Mama, mbona leso umeivaa kinyume?" Ndugu zangu, nililia nikacheka.

Daktari akanieleza kwamba maradhi haya huwashika watoto wa kila kabila, wa tajiri na wa maskini, tena wengi wao wembamba. Basi ni wangapi tumewazika mjini humu tukisema pepo, tukisema homa? Nikiwaza hilo damu inanichemka.

Na humu ndani wamo walioniambia niache sindano ili imani yangu ionekane. Nawaona. Mungu niliyemlilia alimtoa daktari chumbani mwake, nami sitamrudishia Mungu alichonipa. Kila asubuhi naomba, namchoma mwanangu sindano, kisha anakula.

Mwamini Bwana, ndugu yangu. Mtoto wako akikonda huku maji hayamtoshi, mbebe umpeleke. Wakikufukuza mlangoni, keti hapo hapo umwite Mungu kwa sauti mpaka mtu atoke.