Ukuta Ambao Mjerumani Hakuujenga

Kijiwe chetu kipo Kabasa, hapa Bunda, ubavuni mwa kibanda changu cha kushona viatu. Benchi lenyewe ni ubao wa bodi la lori uliolazwa juu ya matofali. Linabeba watu wanne, wa tano anakalia ndoo. Mwaka ninaousema ni themanini na saba. Sabuni ilikuwa imeanza kurudi madukani, watu wameruhusiwa kuleta bidhaa toka nje, na kila mtu anatafuta njia yake ya kutokea. Wengine walivuka mpaka kufuata mitumba. Wengine walitafuta mali ya Mjerumani, na asubuhi hiyo hatukuwa na habari nyingine. Watafutaji waliokuwa wamepiga kambi kwenye kilima kimoja upande wa Butiama walikuwa wamepita hapa Bunda jana yake, lori tupu, hawasalimii mtu. Hamduni alikuwa anamimina kahawa. Shomari, ambaye tunamwita Redio kwa sababu anatengeneza redio na pia hazimiki, alishaanza.

— Hawajaondoka mikono mitupu hao. Masanduku saba ya dhahabu. Mjerumani aliyafukia pale alipokuwa anakimbizwa na Mwingereza.

— Kumi na moja — akasema Stanislausi. Huyu ni karani mstaafu, jina lake la kijiweni ni Kibali, maana hakuna kitu anachokiamini kama karatasi yenye mhuri. — Mimi nilikuwaga naona mafaili. Kumi na moja.

— Sasa kama wameyapata, lori lilipitaje tupu?

— Ndege, Hamduni — Redio akasema. — Imetua Musoma, imebeba, imeondoka. Lori ni la kutuzuga sisi.

— Mimi nimesikia joka — Hamduni akasema. — Linakaa chini ya mawe, kichwani lina taa.

— Taa ya betri au ya mafuta? — nikauliza, sindano ikiwa mdomoni. Hakuna aliyenijali.

— Siyo joka — Kibali akasema. — Nina habari ya uhakika. Pale kilimani kuna ukuta wa mawe wa zamani. Mkiubomoa leo, kesho asubuhi mnaukuta umesimama. Unajijenga wenyewe. Mjerumani aliufunga na dawa yake ya Ulaya. Wale watu wamebomoa siku tano, siku tano unarudi. Ndiyo wamekimbia.

Kwenye ndoo alikuwa amekaa kijana mmoja, mgeni wa kijiwe, ameniletea viatu vyake vya kushonwa soli. Alikuwa na mikono iliyochubuka vidole vyote.

— Haujijengi — akasema. — Anaujenga shangazi yangu.

Tukamgeukia wote. Akasema anaitwa Felisian, kwao ni hapo chini ya kilima chenyewe, na kazi ya kubomoa alikuwa anaifanya yeye.

— Wewe? — Redio akauliza.

— Mimi na wenzangu wanane. Walikujaga na bosi wao mmoja, tulikuwa tunamwita Miwani. Ana ramani, ana mashine ya kutambua madini, ina sahani chini, inalia ti-ti-ti. Akasema atatulipa kwa siku mche wa sabuni na nusu kilo ya sukari. Nyie wa mjini mmeanza kuona sabuni. Sisi kule mke wangu alikuwa anafulia majani. Ningekataaje?

— Usingekataa — Hamduni akasema, akampa kikombe.

— Mashine ikalia sana kwenye ukuta. Basi, Miwani akasema masanduku yapo chini ya ukuta, bomoeni, mchimbe.

— Subiri — Redio akasema. — Chini ya ukuta mlikuta nini?

— Vyungu. Shanga. Jiwe la kusagia. Na mavi ya chuma, yale mabonge meusi yanayobaki watu wakiyeyusha chuma. Mengi.

Kwa vitu vya mashine Redio hadanganyi.

— Basi ilikuwa inalilia hayo. Mashine haijui kutenganisha dhahabu na chuma, vyote inavililia.

— Sisi hatukujua. Vyungu Miwani akavitupa kwenye mteremko, akasema ni takataka. Siku ya kwanza tulibomoa kama urefu wa kutoka hapa mpaka kwenye ile nguzo. Kesho yake tunapanda, tunakuta sehemu imesimama tena. Wenzangu wawili wakakimbia hapo hapo, hawakurudi. Miwani akatukana. Tukabomoa. Siku ya tatu nikapanda mapema kabla ya wenzangu, nikamkuta shangazi Wankyo. Amefunga kanga kiunoni, anapanga mawe.

— Ana umri gani huyo mama? — nikauliza.

— Hajui mwenyewe. Sitini na kitu. Kamaliza kuzaa zamani, kafukia mume, kafukia watoto wawili. Na mnajua, hakuwa anapanga ovyo. Anachukua jiwe, analigeuza, anaangalia ule ukuta, anaenda kuliweka mahali pake. Likikataa analitoa, anatafuta lingine. Pale hakuna udongo wala saruji, mawe yanashikana yenyewe. Na vile vyungu, alivikusanya vipande vyote toka kwenye mteremko. Vya shimo la juu kavifunga kwenye kitambaa chekundu, vya shimo la chini kwenye cheupe. Nikamuuliza vya nini, vimeshavunjika. Akasema vimevunjika lakini vimetoka sehemu mbili, visichanganywe.

— Ana elimu — Kibali akasema.

— Hajui kusoma. Baba yake alikuwa anampandisha kila mwaka mvua zikiisha, wanakarabati palipoanguka. Alikuwa hana mtoto wa kiume, akamfundisha yeye. Ndani ya ule ukuta ndimo wazee walikuwa wanajificha na ng'ombe wakati wa vita vya kuibiana mifugo. Anakwambia lango lilikuwa hapa, ndama walikuwa wanakaa pale, mama fulani alijifungulia kwenye ile kona, vita vikiwa nje. Mimi nimezaliwa chini ya kile kilima. Nilikuwaga nachungia pale, nadhani ni mawe tu.

Hamduni alikuwa ameacha kumimina.

— Ukamwambia nini?

— Nikamwambia shangazi, shuka, hawa watu wana kibali. Akasema sawa, na akaendelea kupanga. Wenzangu wakaja, tukabomoa alichojenga, yeye amekaa pembeni anatuangalia. Hakutukana. Hakulaani mtu. Hiyo ndiyo ilinisumbua, bora angelaani. Jioni nikapeleka sukari nyumbani, mke wangu kapika uji, mimi sikunywa.

— Na kijiji kilisemaje? — nikauliza.

— Kijiji kilimchukia. Watu wanasema kizee kinatunyima sabuni. Kuna aliyesema ni mchawi, kuna aliyesema ana dhahabu yake ameificha mle. Kisimani wanawake walikuwa hawamwachii nafasi. Anangoja mpaka wote wamalize, ndiyo anachota. Asubuhi yupo juu.

Redio, ambaye dakika chache nyuma alikuwa na ndege na masanduku saba, alikuwa anatazama chini.

— Siku ya tano Miwani akakuta ameshajenga mpaka usawa wa kifua. Peke yake, jamani, mawe ambayo sisi tunayabomoa watu saba. Akaniita. Anajua ni shangazi yangu. Akasema, mtoe huyo mama hapo, leo nakupa miche mitatu. Nikaenda. Wenzangu wote wamesimama wanaangalia. Nikamwambia, shangazi, toka, nitakubeba. Alikuwa ameshika jiwe moja kubwa la lango, limemshinda, mikono inatoka damu. Hakuniangalia hata usoni. Akasema: “Shika upande huo, hili zito.”

Lori lilipita, vumbi likatufunika, tukasubiri litulie.

— Ukafanyaje? — Hamduni akauliza.

— Nikashika.

Hamduni akaweka birika chini.

— Tukaliweka. Halafu akasema, bado, ligeuze, tumbo lake liangalie ndani. Nikaligeuza. Likakaa, hata halitikisiki. Sijui niwaambieje. Nimebomoa siku nne, sijawahi kusikia jiwe likikaa namna ile. Akanionyesha lingine. Miwani akawa anapiga kelele, mimi simsikii. Mwenzangu mmoja akaja akashika. Wengine hawakuja, lakini hawakubomoa tena. Walikaa chini.

— Miwani aliondoka?

— Hakuondoka. Alishuka akamleta katibu wa kata, na karatasi ya kile kibali.

— Ehe — Kibali akasema, akajiweka sawa. — Karatasi ilisemaje?

— Katibu aliisoma kwa sauti, mbele ya watu wote, maana kijiji kizima kilipanda siku hiyo. Imeandikwa kwamba mwenye kibali anaruhusiwa kutafuta mali iliyoachwa na mkoloni. Mhuri upo, sahihi ipo. Katibu akamwambia shangazi, mama, unaona mwenyewe, wana ruhusa. Shangazi akasema, isome tena pale pa mkoloni. Akasoma. Shangazi akasema: “Sasa mwambie anionyeshe jiwe moja hapa lililobebwa na mkoloni. Akilipata alichukue, mimi nitamsaidia kulibeba.”

Kibali akajipiga paja.

— Katibu akamgeukia Miwani. Miwani akasema mashine inalia. Katibu akasema, sikuuliza mashine. Halafu akaanza kuuliza wazee mmoja mmoja, nani alijenga huu ukuta. Wale wale waliokuwa wanamwita shangazi mchawi. Wakatazamana. Mmoja akasema babu yangu alisimulia. Mwingine akasema hata babu yangu. Mwanamke mmoja akasema bibi yake alizaliwa humo, yule yule aliyezaliwa kwenye kona. Kumbe walikuwa wanajua wote. Walikuwa wanajua, ila walikuwa na njaa ya sukari. Katibu akakunja karatasi akamrudishia Miwani. Akamwambia ufukie mashimo yako kabla hujaondoka. Wamefukia siku mbili. Jana ndiyo wakaondoka.

Redio akashusha pumzi.

— Huyo mama ningependa nimsalimie.

— Kibali hakikuwa na kosa — Stanislausi akasema polepole, kama mtu anayejisomea. — Kosa lilikuwa mahali. Yule mama alikisoma vizuri kuliko mwenye nacho. Na hajui kusoma. Miaka thelathini nimegonga mihuri, sijawahi kumwona mtu wa namna hiyo.

— Lakini msidhani umerudi wote — Felisian akasema. — Mawe mengi ya siku ya kwanza Miwani alishayapakia, akamuuzia mtu anayejenga msingi wa nyumba. Hayo hayapo. Upande wa juu kuna pengo ng'ombe anapita. Shangazi anaenda anasimama pale, haweki jiwe lolote. Nikamwambia tulete mengine, mawe yamejaa. Akasema hayo siyo ya hapo. Na vyungu ni vipande tu. Kuna bwana wa makumbusho ameandikiwa barua, wanasema atakuja. Akija ataonyeshwa vitambaa viwili.

— Na wewe? — nikamuuliza. — Bunda umefuata nini?

— Kazi. Sabuni ya Miwani imeisha.

Wakati huo Shani alikuwa amesimama pembeni. Shani anauza vitenge hapo ng'ambo, ana ndala imekatika, alikuja nimshonee na alikuwa amesikia habari tangu pale pa lango. Akanipa ndala yake, akamwangalia Felisian.

— Kaka, samahani. Huyo mama ana watoto wengine?

— Hapana. Ni wale wawili tu aliowafukia.

— Sasa akishakufa, nani anajua jiwe lipi linakaa wapi?

Redio, ambaye ana jibu la vita vya Ulaya na vya Uganda, alimtazama Kibali. Kibali alitazama barabarani. Hamduni aliinua birika kutumiminia, halikutoa kitu, akalishikilia hivyo hivyo limeinama.

Felisian alifungua viganja vyake akaviangalia, kama mtu anayehesabu.

— Mimi najua lango tu — akasema. — Lango, na kama hatua sita za kulia.

Akavaa viatu vyake kabla sijamaliza soli ya pili. Nikamwambia gundi haijakauka. Akasema itakauka njiani, akavuka barabara kwenda kusimama upande ule magari ya Butiama yanakopakilia.