Japheth Ndirangu na Bustani Iliyozuia Maji

Tarehe 31 Machi mwaka huu, Japheth Ndirangu, msimamizi wa kikosi cha bustani za nyumbani, anastaafu baada ya kuitumikia kampuni yetu hapa Doha kwa miaka ishirini na miwili. Chakula cha kumuaga kitaandaliwa Ijumaa mchana kwenye bwalo la kambi yetu ya Industrial Area, na walio zamu ya Lusail watapelekewa basi. Mimi ni Akinyi, ninayepanga zamu na mabasi. Ofisi imeniomba niandike wasifu wake kwa ajili ya programu ya siku hiyo, na imenisihi uwe wa kuchangamsha. Nimejitahidi kadiri nilivyoweza.

Mzee Ndirangu alifika hapa akitokea Mweiga, Kaunti ya Nyeri, akiwa mwanamume mwenye mgongo imara na koti la sufu ambalo hakulihitaji tena. Alianza kwa kuchimba mitaro ya mabomba kando ya barabara. Mwaka wa pili akahamishiwa kwenye vila, na huko ndiko mikono yake ilikojulikana. Ndiye aliyegundua kwamba maji yanayodondoka kutoka kwenye viyoyozi vya kambi hayana chumvi, akaweka ndoo chini ya kila dirisha, na nyuma ya jiko letu sukuma wiki ikaota. Wenzetu wa mataifa mengine walidhani ni dawa. Walipoona tunaila kwa ugali, wakaomba mbegu.

Wateja walimpenda kwa sababu hakuwaficha kitu, na aliwaambia ukweli bila kuwakera. Kuna mama mmoja wa mtaa wa Al Thumama aliyetaka mawaridi yake yachanue mwezi wa Agosti, jua linapochoma hadi mpini wa reki haushikiki. Mzee hakubishana naye. Alimwambia mawaridi yamekwenda likizo kama watu wengine, yatarudi Novemba, na kwa sasa yeye atamwekea bogainvilia kwenye ukuta wa magharibi. Mama akacheka, akakubali. Hiyo bogainvilia leo imefika dirisha la ghorofani na watu husimamisha magari kuipiga picha.

Lakini mwezi wake hasa ulikuwa Machi. Kwingineko majira ya kuchipua ni wakati wa kupanda. Kwetu huku ndio wakati wa kujiandaa kwa vita na joto. Petunia zinang'olewa zingali zinachanua, kwa sababu ukizihurumia utazikuta Mei zimekuwa majani makavu. Miti inapogolewa kidogo, isivuliwe kivuli chake. Mipira ya kumwagilia kwa matone inakaguliwa tundu kwa tundu, matandazo yanamwagwa juu ya mizizi, na vyungu vinasogezwa upande wa ukuta usiopigwa na jua la alasiri. Mahali ambapo ukoka umekataa miaka miwili mfululizo, Mzee alishauri kokoto na mti mmoja wa mwarobaini, na mteja akishakaa chini ya huo mti hakutaka tena habari za ukoka. Wasimamizi wetu watatu wa sasa walijifunza haya yote kwake.

Na juu ya yote alifundisha jambo moja: bustani iwe chini kuliko njia. Huku mvua hunyesha siku chache za mwaka, na kila tone la mpira lina thamani, kwa hiyo udongo unashushwa, kingo za mawe zinainuliwa, na kila mti unakaa ndani ya bakuli lake la udongo. Akimaliza, alimwaga jagi la maji ukingoni, akarudi nyuma, akatazama. Maji yakitoroka hata kidogo kwenda kwenye vigae, kikosi kinashika tena sepetu. Vijana walikiita kipimo cha Ndirangu. Wengine walikilaani kimoyomoyo, hasa saa za mchana, lakini bustani zake hazikuwahi kufa kiu.

Ningependa kuishia hapo. Ofisi nayo ingependa niishie hapo. Lakini nilipomwendea Mzee kumwuliza angependa niandike nini, aliniambia hivi, akiwa amekaa kwenye ngazi ya basi na viatu mkononi:

"Akinyi, wachana na sifa. Andika ile bustani yangu ya nyumbani. Hawa vijana wote wanajenga kwa simu. Waandikie wajue."

Nilimwuliza mara mbili kama ana hakika. Alisema ana hakika. Basi hasira zenu, kama zipo, zielekezeni kwake au kwangu, si kwa programu.

Mtu wa bustani huku hachukui likizo wakati wa kupanda. Likizo zetu ni Julai na Agosti, kazi inapopungua. Mimi ndiye ninayezipanga, kwa hiyo najua: kwa miaka yote ishirini na miwili, Mzee Ndirangu hakuwahi kwenda nyumbani mwezi mwingine. Na Julai kule Mweiga ni baridi na upepo, ardhi imekauka. Udongo wao ni ule mweusi, ambao ukikauka unapasuka nyufa za kuingiza vidole. Kila alipokwenda, hicho ndicho alichokiona. Mvua ya masika ya nyumbani kwake, inayoanza Machi na kumalizika Mei, aliiacha alipoondoka na hakuiona tena.

Nyumba aliijenga chumba baada ya chumba, kama tunavyojenga sote. Ilipokwisha, akasema sasa ataiwekea bustani, atakapostaafu akae humo na mke wake, Mama Cheryl, waone maua yao badala ya kuwatunzia wengine. Miaka miwili iliyopita, akiwa likizoni, aliangalia ule udongo uliopasuka akaona kitu anachokifahamu: ardhi yenye kiu. Akampa fundi Ronny maelekezo, na aliporudi Doha akaendelea kumwelekeza kwa simu kila jioni. Eneo lote kutoka geti hadi veranda lishushwe, kingo za mawe ziinuliwe pande zote nne, na kila mti ukae ndani ya bakuli lake.

Mama Cheryl alimwambia. Hili Mzee mwenyewe amelisisitiza nisilisahau. Alimwambia kwamba maji ya barabara ya juu hushuka kwao, na upande wa chini wa ua lazima uachwe wazi yapite. Upande huo ndio Ronny alikuwa amejenga ukingo mzuri kuliko zote. Mzee alicheka, akamjibu kwamba hii ndiyo kazi anayoifanya huku kila siku, atulie. Ronny alipomaliza, akatakiwa amwage jagi la maji ukingoni na kupiga video. Maji hayakutoroka. Simu ya Mzee ilizunguka basi zima asubuhi hiyo, kutoka kwa dereva wetu Trevor hadi viti vya nyuma, na hakuna aliyekosa neno la kusifu. Ukoka ulikuwa wa kijani, njia za mawe zimenyooka, miche ya ndimu imepangwa kwa kamba. Ilikuwa bustani ya Al Thumama kabisa, imekaa Mweiga.

Mwaka jana masika yakaja makubwa. Maji ya barabara ya juu yakaingia kwenye bustani, yakakuta kingo nne, yakakaa. Yalikaa mchana na usiku, wiki baada ya wiki, kando ya msingi wa nyumba. Udongo ule ukilowa hufura. Kwanza milango ikakataa kufunga. Kisha ukuta wa chumba cha kulala ukapasuka kuanzia dirishani hadi chini, na mwishoni mwa Aprili veranda ikaachana na nyumba. Mama Cheryl aliamka, akashusha miguu kutoka kitandani, ikaingia ndani ya maji. Alichukua kuku wake na nguo, akaenda kwa binti yao Cheryl, Nanyuki, na hajarudi.

Mzee alikwenda Julai, zamu yake ya kawaida. Alikuta ardhi kavu, upepo, na ukoka uliooza. Mafundi wawili tofauti walimwambia jambo lile lile, kwamba nyumba haifai kukaliwa na mtu na dawa yake ni kuibomoa. Alienda Nanyuki kumwomba mke wake msamaha. Mama Cheryl alimpikia, akamtandikia kitanda cha wageni, na asubuhi akamsindikiza hadi stendi. Hakumtukana. Mzee aliniambia afadhali angemtukana.

Tangu aliporudi hajakosa siku hata moja ya kazi. Bustani zake ni safi kama zilivyokuwa, labda zaidi. Ila hamwagi tena jagi la maji, na vijana hawamwulizi. Januari alinijia akitaka nimpelekee ombi ofisini, la kwanza kuwahi kuomba: abaki msimu mmoja zaidi wa joto. Watu hukimbia joto la hapa, yeye analiomba. Nililipeleka mwenyewe, nikasimama mpaka nikajibiwa. Kwa utaratibu wa kampuni, aliyefikisha miaka sitini mkataba wake hauongezwi, na hakuna aliyesema kwa ubaya. Nilipomletea jibu alinishukuru, akaniuliza kama glavu mpya zimefika. Nilikwenda nyuma ya stoo nikalia, na sioni haya kuandika hivyo.

Wiki iliyopita nilikuwa Al Thumama kupeleka hizo glavu. Kikosi kilikuwa kinang'oa petunia za yule mama wa waridi, na Mzee alikuwa amekaa kwenye basi, mlango wazi, anampigia mke wake. Simu yake ni ya zamani, haisikiki mpaka iwe kwenye spika, kwa hiyo sisi sote tumezoea mambo ya nyumbani kwake na hujifanya hatusikii. Mama Cheryl alisema mvua imeanza. Mzee akauliza:

"Mama Cheryl, hayo maji huwa yanapitia wapi pale kwetu?"

Trevor alizima injini. Mama Cheryl akajibu:

"Miaka yote hiyo, Baba Cheryl. Sasa ndio unauliza."

Hata hivyo alimwambia. Alimweleza polepole, kama mtu anavyomwelekeza mgeni. Yanatoka barabara ya juu penye kalvati, lile bomba linalopita chini ya barabara. Yanapita nyuma ya zizi, si mbele. Yanazunguka mparachichi upande wa kushoto, yanaingia kwenye ule mfereji ambao marehemu mama yake Mzee aliuchimba kwa jembe mwanawe akiwa tayari Doha, na ambao Ronny aliufukia. Kisha yanatokea chini, kwenye ua wa jirani, ambaye huyangojea kwa ajili ya nduma zake. Mzee alikuwa akiitikia kila hatua. Alipomaliza, Mama Cheryl akasema:

"Lakini mimi hapo sirudi. Nakuambia tu ujue."

Mzee akasema asante. Akavaa glavu, akarudi kwa kikosi, na petunia zote zilikuwa zimeng'olewa kabla ya mchana.

Hivyo basi tarehe 31 Machi Mzee Ndirangu ataondoka, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka ishirini na miwili atafika nyumbani mvua ikinyesha. Atakuta nyumba isiyokalika na mke asiyetaka kurudi humo. Anajua kulea mti kwenye mchanga wenye chumvi kuliko mtu yeyote ninayemfahamu, na kule hakuna mchanga wala chumvi. Nimetafuta upande mzuri wa habari hii ili niwafurahishe ofisini, na sikuuona. Sitawadanganya watu waliokuja kula pilau.

Nanyi mnaojenga kwa simu, na humu bwaloni ni karibu wote, Mzee anawaomba jambo moja. Kabla hamjalala leo, pigeni nyumbani. Msielekeze. Ulizeni anayeishi pale anaona nini, na akijibu msicheke.

Mzee Ndirangu, kampuni inakushukuru kwa kazi yako, na hilo limesemwa kwa niaba ya ofisi. Sisi wa basi tunakushukuru kwa sukuma wiki, kwa vivuli ulivyotuachia mji mzima, na kwa kutuachia hata kosa lako tujifunze. Maneno ya kawaida ya siku kama hii ni kukutakia maisha mema, na tungeyasema kwa sauti kubwa kama tungeyaamini. Tunakutakia kitu kidogo kuliko hicho: ufike Nanyuki salama, ubishe hodi, na Mama Cheryl akufungulie, akuwekee kikombe cha chai mezani, hata kama ni kimoja tu.